Nakala za Magritte na Dalí sebuleni: niliyojifunza kati ya River Road na Ngong Road

Mchoro wa Salvador Dalí wa saa zinazoyeyuka, The Persistence of Memory, una upana wa sentimita 33 na kimo cha sentimita 24. Umeizidi kidogo tu karatasi ya A4. Dalí aliuchora mwaka 1931, na siku hizi umo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Nakitanguliza kipimo hiki kwa sababu katika maduka ya uchapishaji niliyopitia jijini Nairobi nililakiwa na swali lile lile: "Dada, unataka kubwa kiasi gani?" Hakuna aliyeuliza mchoro wenyewe una ukubwa gani. Katika pengo hilo ndimo zilimopotelea pesa zangu za mwanzo.

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi zamu zangu zimekuwa za usiku. Tulipohamia mtaa wa South B mimi na mume wangu, sebule ilikuwa na kuta nyeupe tupu, na nilijua nataka nini juu yake. Zamani nikisoma Kifaransa pale Alliance Française, nilikuwa nikingojea darasa la jioni maktabani, na humo nilifungua kitabu cha michoro ya René Magritte nikakutana na L'Empire des lumières, yaani Himaya ya Mwanga. Chini kuna nyumba iliyo gizani, taa ya barabarani inawaka mbele yake, madirisha machache yana mwanga. Juu ya miti mbingu ni ya mchana kabisa, buluu yenye mawingu meupe. Asiyefanya kazi usiku ataona ni ajabu. Mimi niliiona saa kumi na mbili ya asubuhi ninaposhuka kwenye matatu: juu kumeshakucha, chini ya miti bado ni usiku na taa hazijazimwa. Machozi yalinilenga. Sikuwahi kudhani mtu wa Ubelgiji angeweza kuijua saa hiyo yangu.

Jirani mmoja aliniuliza kwa nini mtu ahangaike na mambo hayo ya Wazungu. Nilimwambia aende City Market akavitazame vinyago vya shetani vya Wamakonde, vyenye jicho tumboni na mguu unaoota kichwani, kisha aniambie ni nani aliye mgeni wa ndoto. Mwandishi André Breton alipotoa Paris, mwaka 1924, ilani ya usurealisti, mkondo wa sanaa ambao Magritte na Dalí ni wake, alichodai ni kwamba ndoto na fikra zisizotiwa hatamu zipewe heshima yake. Bibi yangu asingebishana naye.

Sasa nieleze kazi ilivyokwenda.

Duka la kwanza lilikuwa katika vichochoro vya River Road, kule kwenye mashine za mabango na kadi za harusi. Nilianza na Dalí. Kijana wa hapo alitafuta picha kwenye intaneti, akanishauri nichukue sentimita 120 kwa 80 juu ya turubai, "ijaze ukuta". Ilinigharimu shilingi 6,500 pamoja na mbao za kuitandazia. Ilipofika nyumbani nilihisi kitu hakiko sawa kabla sijakitambua. Mchoro asilia una uwiano mwingine, upana wake ukiwa kama mara 1.4 ya kimo, na ule wa turubai yangu ulikuwa mara moja na nusu. Ili ijae, fundi aliivuta pembeni. Saa zilizoyeyuka zinaweza kuvumilia kuvutwa, lakini ile ya rangi ya machungwa, ya pekee ambayo haijayeyuka na imejaa sisimizi, ilikuwa imebonyea kama imekaliwa. Sisimizi wenyewe walikuwa madoa.

Hesabu yake ni rahisi, na naomba uishike. Faili aliyoitumia ilikuwa na pikseli, yaani nukta zinazounda picha, kama 1,000 kwa upana. Sentimita 120 ni inchi 47. Gawanya, unapata nukta 21 kwa kila inchi. Picha ya kutazamwa kwa karibu inahitaji nukta 300 hivi kwa inchi. Ya kutazamwa kutoka kwenye kochi, mita mbili hivi, 150 inatosha. Chini ya 100 jicho linaanza kulalamika hata kama mwenyewe hujui linalalamikia nini. Kabla ya kulipa, muulize fundi faili ina pikseli ngapi, gawanya kwa inchi unazotaka, na jibu likiwa dogo punguza ukubwa. Usikubali kuambiwa kompyuta "itaiongeza". Kompyuta hubuni kisichokuwapo, na katika mchoro wa Dalí, uliochorwa kwa brashi nyembamba sana, kila kinachobuniwa huonekana.

Hata faili ingekuwa bora, ukubwa ule ungeuua. Mchoro ule ulifanywa mdogo ili mtu ausogelee, ainame, aone ufuo mtupu wenye majabali kwa nyuma na nzi mmoja juu ya saa. Ukiutanua kujaza ukuta, ndoto inageuka tangazo. Tangu hapo, kabla ya kuchapisha chochote natafuta kwanza kipimo cha mchoro asilia kwenye tovuti ya makumbusho yanayoumiliki. Vipimo viko wazi na ni bure.

Kwa Magritte jambo hili lilikuwa gumu zaidi, maana L'Empire des lumières si mchoro mmoja. Aliurudia mara nyingi: kuna matoleo 17 ya rangi ya mafuta, mbali na yale ya rangi za maji. Lililoko New York, la 1950, limelala, lina upana wa karibu mita moja. La Brussels, la 1954, limesimama, sentimita 146 kwa 114. La Venice ni kubwa kuliko hilo, karibu mita mbili kwenda juu. Jingine la 1954 liliuzwa kwa mnada New York mwezi wa Novemba 2024 kwa zaidi ya dola milioni 121. Ukimwambia mtu wa duka akuchapishie mchoro huo kwa jina tu, atakuletea wowote, na fremu uliyokwisha kuagiza haitautosha. Mimi nilichagua wa Brussels, nikaupunguza nusu: sentimita 73 kwa 57.

Nilijaribu kwanza kuupata kwa kuskani ukurasa wa kitabu. Usijisumbue. Picha za vitabuni zimechapwa kwa vinukta vidogo vilivyopangwa, na vinukta hivyo vikikutana na mistari ya skana hutoa mawimbi yanayotambaa angani. Mwishowe nilinunua faili kwenye hifadhi ya picha ya kulipia, pikseli 5,000 upande mrefu, kwa matumizi ya nyumbani. Shilingi 4,800. Iliniuma, lakini ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote katika safari hii.

Hapa niseme juu ya hakimiliki, kwa kuwa wengi hudhani mchoro wa zamani ni wa kila mtu. Mimi si mwanasheria, ila Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kazi ya sanaa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Magritte alifariki 1967, kwa hiyo kwetu ulinzi uliisha mwishoni mwa 2017. Dalí alifariki 1989. Kwetu bado analindwa hadi mwisho wa 2039. Ulaya ni miaka 70, na huko hata Magritte analindwa hadi mwisho wa 2037, ndiyo maana mwenye faili aliye Ulaya atakutoza na atakuwa na haki ya kukutoza. Tangu nilijue hilo, Dalí simpeleki River Road. Niliagiza nakala yenye idhini kutoka duka la makumbusho ng'ambo, ndogo, inayokaribia kipimo asilia. Ikaja imekunjwa ndani ya bomba gumu la karatasi. Pamoja na usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 ilifika karibu shilingi 9,000. Uulize mapema juu ya ushuru, maana bei unayoiona kwenye tovuti si bei ya kuichukua posta.

Wakati huohuo mtu mmoja mtandaoni alitaka kuniuzia "litografu yenye sahihi ya Dalí mwenyewe", yaani picha iliyochapwa kwa bamba la jiwe, kwa shilingi 85,000, na alinipigia simu kila mara akinihimiza nisiikose. Jihadharini sana. Dalí alitia sahihi maelfu ya karatasi tupu uzeeni mwake. Mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walikamata gari lililosheheni karatasi kama hizo likielekea Andorra. Sahihi inaweza kuwa ya kweli kabisa na picha iliyo juu yake asiwahi kuiona. Nakala isiyo na sahihi, inayokiri kwamba ni nakala, ina heshima zaidi ukutani kuliko hiyo.

Nirudi kwa Magritte. Nilipata mchapishaji mwingine, anayefanya kazi za wapiga picha, mwenye karatasi ya pamba isiyong'aa. Turubai niliikataa. Watu huipenda kwa sababu "inafanana na mchoro", lakini Magritte alipaka rangi yake laini, tulivu, karibu kama mchoraji wa mabango ya duka, na mikwaruzo ya turubai ya bei nafuu humtia sauti asiyokuwa nayo. Karatasi nene isiyong'aa, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, inamstahi zaidi.

Chapa ya mwanzo ilitoka na mbingu nzuri na nyumba iliyozama. Nusu ya chini yote ilikuwa nyeusi tii. Miti, ukuta, milango, vyote vimemezwa. Mchoro huu unaishi katika giza lile la chini. Giza likifa, mbingu ya juu inabaki kuwa mbingu tu. Nilimwonyesha kijana, tukakaa naye kwenye kompyuta. "Dada, kwenye skrini inaonekana sawa," akaniambia, na kweli kwenye skrini ilikuwa sawa, kwa sababu skrini inatoa mwanga na karatasi haitoi. Aliyainua maeneo ya giza kidogo kidogo, akachapa vipande vya majaribio, kila kimoja upana wa kiganja, vya sehemu ile ya taa na mlango. Tulivitoa nje tukavitazama juani, kisha nikaenda navyo nyumbani nikavitazama chini ya taa yetu usiku. Kilichopendeza dukani kilikuwa kibaya nyumbani. Kipande cha majaribio kilinigharimu shilingi 300. Chapa nzima ilikuwa 3,200. Omba kipande. Na ukiombe cha sehemu yenye giza kuliko zote, usichukue cha mbingu.

Uliza pia wino. Pita mbele ya kinyozi yeyote wa mtaani utazame bango la mitindo ya nywele lililobandikwa dirishani: vichwa vyote vimekuwa buluu. Katika wino hafifu, njano na majenta, ule wekundu wa waridi, hufa mapema kwa jua, buluu hubaki peke yake. Kuna mashine zinazotumia wino wa pigmenti unaodumu miaka mingi zaidi. Jua letu la ikweta halina mzaha, hivyo hata wino mzuri usiutundike mkabala na dirisha la mashariki au magharibi.

Fremu nilizifuata Ngong Road, kwa mafundi wa samani. Huko nilipata mzee ambaye bado namshukuru. Nilikuwa nimependa mbao fulani za saiprasi zilizokuwa zimewekwa kando. Akanizuia: "Msichana wangu, hizi bado mbichi. Nikikukatia leo, Januari pembe zitakuwa zimeachana." Nilijua ni kweli, maana rafiki yangu ana fremu ambayo kwenye kila kona unaweza kupenyeza sarafu. Nikangoja zikauke. Kama fundi ana haraka kuliko wewe, tafuta mwingine.

Palipokuwa na maumivu ni kwenye kufunga picha ndani ya fremu. Chapa ya mchoro mwingine wa Magritte, Les Amants, niliipeleka kwa duka la fremu lililokuwa karibu na kazini, na fundi akaibandika yote juu ya ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao uliogandamizwa, kwa gundi nyeupe ya mbao. Masika yalipoingia, karatasi ilivimba malengelenge, na kioo kilichokuwa kimeigusa moja kwa moja kikaanza kuing'ang'ania. Haikuwezekana kuitoa nzima. Kwa hiyo sisitiza mambo haya kwa maneno yako mwenyewe, hata kama fundi atakuona msumbufu: karatasi ishikwe kwa juu tu, kwa vipande viwili vya utepe wa karatasi usio na asidi, ining'inie huru na kupumua. Kati yake na kioo kuwe na maunti, ile kadi nene inayozunguka picha, ili visigusane. Maunti nayo isiwe na asidi; kadi ya kawaida hugeuka njano na kuchora mstari wa kahawia kuizunguka picha. Nyuma ya fremu pazibwe kwa utepe, vumbi na wadudu wanaokula karatasi wasipate mlango. Fremu ya L'Empire des lumières, pamoja na kioo na maunti, ilikuwa shilingi 5,500. Ya Dalí 2,200.

Na hiyo Les Amants ina kisa chake. Niliichapa upya, nikaifunga vizuri, nikaitundika juu ya kochi. Ni mchoro wa 1928: mwanamume na mwanamke wanabusiana, vichwa vyote viwili vimefunikwa kitambaa cheupe. Mimi nilichokiona hapo ni watu wawili wapendanao wasioweza kufikiana, na kazi yangu imenionyesha wengi wa hivyo kando ya vitanda. Kisha mama akaja kutoka Mombasa kukaa nasi. Aliingia, akasalimu, akainua macho, akakaa kimya. Baadaye aliniita jikoni.

"Mwanangu, hawa waliovikwa sanda ni kina nani?"

"Si maiti, mama. Ni wapenzi."

"Mimi nimeosha maiti wangapi? Sanda naijua. Hiyo ni sanda."

Sikuwa na la kubishana. Magritte mwenyewe alimpoteza mama yake akiwa na umri wa miaka 13, mwaka 1912, alipojitosa katika mto Sambre, na watu wengi wamevihusisha vitambaa vile na kifo hicho, ingawa yeye hakupenda michoro yake ielezwe namna hiyo. Sikumsimulia mama hilo. Niliishusha jioni ile ile, na siku hizi iko kwa mfanyakazi mwenzangu anayeipenda. Ningeomba anayenunua sanaa ya aina hii kwa nyumba yenye wageni na wazee afikirie mapema nani atalala chini yake. Kitu ambacho kwa mchoraji ni fumbo, kwa mzee wako ni jambo alilolifanya kwa mikono yake miwili. Hata bundi, aliyependwa sana na mchoraji Remedios Varo katika michoro yake, nisingemweka mbele ya mama mkwe.

L'Empire des lumières mama hakuwa na neno nayo. Haina kiumbe hai ndani yake, hivyo aliweza kuswali chumba kile bila wasiwasi. Aliitazama muda mrefu akaniuliza pale ni saa ngapi. Nikamwambia ni saa ninayorudi kazini. Akasema, "Basi hii iache."

Kutundika kulikuwa kwepesi. Nyumba nyingi zetu zimejengwa kwa mawe ya Ndarugo, ambayo drili huyapenya kwa ulaini; ukigonga nguzo au linta ya zege, sogea pembeni badala ya kushindana nayo. Tumia plagi na skrubu, misumari mitupu haiaminiki kwa fremu yenye kioo. Kama umepanga, zungumza na keateka kwanza na mkubaliane ni nani atakayeziba matundu, ili deposti yako isigeuke mjadala siku ya kuhama. Katikati ya picha pawe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Na taa: tuliondoa ile nyeupe kali, tukaweka ya mwanga wa manjano kidogo, iliyoandikwa 3,000 K (kelvini). Miti ya Magritte ikarudi kuwa miti.

Dalí sikumweka sebuleni. Yuko kwenye korido nyembamba ya kwenda chumbani, peke yake, mahali ambapo mtu hana budi kusimama karibu.

Sasa watu wananiuliza kwa nini sijamchapa Wifredo Lam, ninayemsifu kila siku. Lam ni Mkuba aliyekuwa na baba Mchina na mama mwenye asili ya Kiafrika, na mchoro wake La Jungla wa 1943 una miili iliyochanganyika na miwa na vinyago kiasi kwamba hujui mmea unaishia wapi. Ningependa sana kuishi nao. Lakini una kimo cha sentimita 239 na upana wa 230. Kuta zangu hazina nafasi hiyo, na nikiupunguza uwe wa A2 wale viumbe wanaomzidi mtu kimo watakuwa vidole. Zaidi ya hayo, Lam alifariki 1982, bado analindwa kwetu hadi mwisho wa 2032. Kwa hiyo nimenunua kitabu chake, na pesa ya fremu nimemrudishia mume wangu, aliyekuwa akizihitaji kwa pazia.